Hesabu ya Ndoo

Jabali halipasuki kwa nguvu, Garmai alinifunza.
Unalikasirisha kwanza kwa moto:
tairi kuukuu chini ya tumbo lake, usiku kucha,
moshi mweusi unaoingia hata ndani ya wali,
kisha alfajiri maji ya baridi, ghafla,
nalo linalia kama mlango wa chuma.
Hapo ndipo mwanamke anapoingia na nyundo.

Tuko kumi na wawili upande huu wa Paynesville.
Yassah ana kidole kimoja kisichokunjika.
Nyonblee huponda na mjukuu mgongoni,
mtoto amezoea, halali mpaka asikie ko, ko, ko.
Mimi Korto nimekata chandarua cha msaada
nikajifunga usoni, vipande visinitoboe.
Malaria nitaiugua nipone.
Macho sina ya akiba.

Kokoto nzuri ni saizi ya gego.
Ndoo ikijaa ni vikombe viwili vya mchele,
ila masika hakuna anayejenga,
na tumbo halijui masika.

Juzi likaja pikapu. Akashuka mwanamume,
shati limepigwa pasi,
anajenga, alisema, vyumba vinne na ukuta.
Akatutazama kama anayechagua nyanya,
akaanza kuhesabu ndoo kwa sauti, kidole mbele,
moja
mbili
tatu,
na alipokaribia saba alilamba mdomo, akatua,
ndipo akasema
saba.

Nyundo ikanigandia hewani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kamba ilikinga barabara
toka nguzo ya umeme hadi friji lililolazwa chali.
Tulipangwa mstari, mizigo kichwani.
Walikuwa wakimtoa kila wa saba.
Kaka yangu Flomo alibeba sufuria,
na ndani yake kuku mmoja, hai, amefungwa kwa tambara.
Nilimsikia yule kijana akilamba mdomo.
Kuku alirudi peke yake,
akipita katikati ya miguu yetu.

Sasa ana tumbo, ana mvi za pembeni.
Hakunijua. Nani amjue mwanamke mwenye chandarua usoni?
"Mama," akasema, "punguza kidogo."

Vita vilikwisha, ni kweli, karatasi zilisainiwa.
Wapo walioitwa ukumbini mbele ya maikrofoni,
wakasema yao, wakalia, wakapewa soda.
Mimi sikuitwa. Mimi nilikuwa na nyundo,
na shingo yake ilikuwa pale, imeinama,
inachungulia kama ndoo imejaa kweli.

Na nilikuwa na Lorpu, darasa la nne,
aliyerudishwa Jumatatu kwa ajili ya ada,
anayeandika kwa kalamu ya risasi fupi kama njugu.
Risasi pekee iliyobaki nyumbani kwangu.

Nikasema, "Bei ni ile ile."

Akalipa ndoo arobaini. Noti zilikuwa na joto la mfuko wake.
Garmai alinitazama.
Siku ile, mstarini, yeye alikuwa wa nane.
Hakusema neno. Akanyanyua ndoo,
akamwaga, akarudi, akanyanyua,
zote zimejaa pomoni, hata moja hakupunja,
ila kila moja aliitua kwa kishindo
mpaka pikapu likainama upande.

Mahali fulani mjini ukuta unapanda kwa mawe yangu.
Sijui kama mwenyewe hulala.
Mimi hulala, mikono ndiyo inayokesha.

Jana Lorpu amerudi shule, na viatu,
amefundishwa jedwali la saba.
Saba mara moja, saba.
Saba mara mbili.
Nilimwacha asome mpaka mwisho,
sinia mapajani,
nikichagua mchele, nikitoa mawe.